KUTAFUTA MABAKI YA NDEGE ZA VITA: KUMBUKUMBU ZA NYORORO, MAFIA NA RUFIJI



Kamati ya gazeti letu imetuomba sisi wazee tuandike juu ya mambo tuliyoyapenda baada ya kuondoka shuleni. Wenzangu wameandika juu ya kandanda, kwaya na ufugaji wa kuku. Mimi kwa muda mrefu nilikuwa na kazi moja ya likizo ambayo wengi waliicheka, nayo ni kutafuta mabaki ya ndege za vita. Mke wangu aliwaambia majirani kwamba mumewe ni mwindaji wa ndege wasioruka. Nadhani hakukosea.

Mapenzi hayo yalianzia katika somo la historia. Tulifundishwa Vita Kuu ya Kwanza kama vita vya Ulaya, nasi tukakariri majina ya mito na miji ambayo hatukutegemea kuiona. Baadaye nikasoma kwamba miongoni mwa ndege za kwanza kabisa kutumiwa vitani katika bara letu zilirushwa kutoka kisiwa kidogo cha Nyororo, kaskazini ya Mafia. Nilishangaa sana. Nyororo ni mahali ambapo wavuvi wetu hupumzika na kuanika nyavu. Nikaamua kwenda kuona kwa macho yangu.

Manowari iliyojificha

Kwanza niwaeleze kisa chenyewe, maana bila hicho hamtaelewa nilikuwa natafuta nini.

Vita vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walikuwa na manowari moja ya maana katika pwani yetu, iliyoitwa Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliingia Unguja na kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus. Kisha ikaingia katika delta ya Rufiji na kujificha katikati ya mikoko. Waingereza waligundua mwishoni mwa Oktoba kwamba imo humo, lakini meli zao kubwa hazikuweza kuifuata kwa sababu ya kina kifupi cha maji. Wala hawakuweza kuilenga kwa mizinga wakiwa baharini, kwa kuwa hawakuiona. Aliyepanda mlingoti aliona miti mitupu.

Ndipo zilipotafutwa ndege. Huko Durban alikuwako rubani wa kiraia aitwaye Dennis Cutler, aliyekuwa akiwaonyesha watu ndege yake ya Curtiss yenye kuelea majini. Jeshi la majini lilimchukua yeye pamoja na ndege yake, likawaleta Nyororo. Ndege ile ilikuwa mbovu, hata rejeta yake ikabidi itengenezwe kwa kutumia rejeta ya motokaa ya Ford iliyopatikana Mombasa. Hata hivyo, Novemba 1914 Cutler alipaa juu ya delta akaiona Königsberg. Mwezi uliofuata ndege ilimshukia mtoni, Wajerumani wakamkamata. Waingereza waliivuta ile ndege kwa mashua huku wakipigwa risasi.

Mwaka 1915 zikaja ndege mbili za Sopwith. Joto na unyevu wa pwani yetu viliziharibu mara moja. Gundi iliyoshikamanisha mbao ililegea, panga boi zikapasuka, na injini hazikuweza kupandisha ndege ikiwa imebeba mtu wa pili na mabomu. Aprili zikaletwa ndege za Short, ambazo nazo hazikuwa mpya, lakini angalau ziliwezesha kupigwa picha ya manowari kutoka angani. Mafia ilikuwa imekwisha tekwa na Waingereza Januari ya mwaka huo, na hapo Mafia pakasafishwa uwanja kwa ajili ya ndege za Caudron na Henri Farman, zenye kutua nchi kavu.

Shambulio lenyewe lilifanyika mara mbili, tarehe 6 na tarehe 11 Julai 1915. Meli mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni. Wapigaji wa mizinga hawakuiona Königsberg hata kidogo. Mtu aliyekuwa juu katika ndege ndiye aliyetazama kila kombora lilipoanguka, akawaambia kwa simu ya upepo wasogeze kushoto au kulia, mbele au nyuma. Tarehe 11 rubani John Cull na mwenzake Arnold walipigwa na makombora ya Königsberg wakiwa angani. Injini ilizimika. Hata walipokuwa wakishuka bila injini, Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha. Ndege ilianguka na kupinduka majini karibu na Mersey, wote wawili wakaokoka. Siku hiyo Königsberg iliangamia, nahodha wake Max Looff akaamuru imaliziwe kwa kulipuliwa.

Mwindaji anatafuta nini?

Vijana wengi waliponisikia walidhani nitakuta ndege nzima imekaa porini ikinisubiri. Ndege za mwaka 1915 zilikuwa mbao, kitambaa, nyaya, gundi na injini. Kitambaa kilikuwa cha kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza. Mchwa wa pwani hawaachi mbao, na maji ya chumvi hayaachi nyaya. Kinachoweza kubaki ni chuma cha injini, parafujo, viungo vya shaba, na madebe ya petroli.

Hivyo mtafutaji hana budi kujifunza injini kabla ya kufunga safari. Ndege nyingi za wakati ule zilitumia injini za namna ya ajabu. Silinda zilipangwa kwa duara kama miale ya nyota, na injini yote ilizunguka pamoja na panga boi, huku mhimili wa katikati ukiwa umesimama. Kila silinda ilizungukwa na mapezi membamba ya chuma ili ipozwe na upepo. Mafuta ya kulainishia yalikuwa ya mbarika, nayo yalitapakaa nje wakati wote wa safari, hata rubani akarudi amelowa. Basi mtu akikuonyesha chuma cha zamani, kwanza tafuta mapezi yale. Kisha kipime kwa mkono. Mtengenezaji wa ndege alipunguza kila ratili aliyoweza. Chuma kinene, kizito na chenye ribiti kubwa ni cha meli au cha reli.

Kwa kipimo hicho, vitu vingi nilivyoonyeshwa havikuwa vya ndege. Nimeonyeshwa vipande vya trekta za mashamba ya mkonge, pampu za maji, na safari moja kitanda cha hospitali. Sikukasirika. Kila mtu alinionyesha kwa moyo mwema, na kila kimoja kilikuja na hadithi yake.

Safari ya Mafia

Safari yangu ya kwanza ilikuwa katika miaka ya 1970. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu wa bweni moja, ambaye sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Tulipanda lori hadi Kisiju, tukalala hapo kungoja maji yajae, kisha tukapanda jahazi lililobeba mchele na mafuta ya taa. Usiku kucha bahari ilitutikisa. Mwenzangu aliapa kwamba angerudi bara kwa miguu.

Nyororo tulifika baada ya siku kadhaa kwa mashua ya wavuvi. Tulitembea mchanga wote na vichaka vyote. Hatukupata hata msumari. Nahodha wetu aliyekuwa akipika wali alituuliza tumepoteza nini. Tulipomweleza kwamba hapo ziliruka ndege zaidi ya miaka 60 nyuma, alitazama ufuo, akatazama bahari, akasema, "Basi walichagua vizuri. Pepo za kusi hazipigi sana upande huu." Kwa maneno hayo machache alitueleza jambo ambalo vitabu vyetu havikulieleza.

Tangu siku hiyo nilianza kuwauliza watu juu ya mahali kabla ya kuwauliza juu ya vyuma. Upepo unatoka wapi? Maji yanajaa mpaka wapi? Mashua kubwa inaweza kutia nanga wapi? Mtu anayeishi mahali anajua mambo ambayo rubani ilimpasa kuyajua ili asife.

Mzee wa Rufiji

Safari iliyonibadilisha ilikuwa ile ya delta. Tulikwenda kwa mtumbwi, kwa kuwa hakuna njia nyingine. Mikoko imefunga pande zote, mifereji inafanana, na mwenyeji ndiye anayejua ule unaotoka baharini na ule unaokwisha matopeni. Niliona kwa nini manowari yenye mabomba matatu ya moshi iliweza kupotea humo. Königsberg yenyewe hatukuiona. Kwa miaka mingi baada ya vita ilionekana ikiwa imelala ubavu, lakini ilizidi kudidimia, na katika miaka ya 1960 ikatoweka machoni.

Katika kijiji kimoja tuliambiwa kwamba yuko mzee mwenye chuma cha eropleni. Tulimkuta kwenye dungu akilinda mpunga wake. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatukaribisha kivulini. Chuma kilikuwa uani kwake, kikitumika kunolea mapanga. Nilikigeuza. Kilikuwa kinene kama kidole, kina ribiti mbili kubwa na weusi wa moshi upande mmoja. Bila shaka kilikuwa kipande cha tangi la mvuke la chombo fulani cha majini. Nilimwambia kwa upole kwamba hicho si cha ndege.

Mzee alicheka. Akasema, "Mwanangu, mimi sikusema ni cha ndege. Watoto ndio wanaosema. Wewe umetoka mbali kwa ajili ya chuma. Mbona huniulizi habari za baba yangu?"

Nikamwuliza. Akaeleza kwamba baba yake alichukuliwa na Wajerumani kuvuta mizinga ya ile meli. Habari hiyo inalingana kabisa na historia. Mizinga yote 10 ya Königsberg iliopolewa baada ya meli kuangamia, ikapelekwa Dar es Salaam na kufungwa magurudumu, kisha ikatumika vitani nchi kavu. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa, na mwingine upo Pretoria. Kila mzinga ulihitaji mamia ya watu kuukokota juu ya vilima na ndani ya mabwawa. Mzee alisema baba yake alirudi akiwa na nundu begani iliyofanywa na kamba, na kwamba yeye akiwa mtoto alikuwa akiishika nundu ile na kuuliza ni nini. Watu wawili waliochukuliwa pamoja naye kutoka kitongoji hicho hawakurudi.

Halafu akanitazama akasema, "Umeshika daftari. Andika jina lake."

Niliandika. Jina hilo ninalo mpaka leo pamoja na ya wale wawili. Sitayachapisha hapa, kwa kuwa hayo ni mali ya ukoo wake.

Njiani tukirudi mwenzangu hakusema neno mpaka tulipofika mahali pana pa mto. Kisha akasema, "Cull tunamjua. Arnold tunamjua. Tunajua hata aina ya rejeta. Lakini nani alikata miti ya uwanja wa Mafia? Nani alibeba madebe ya petroli?" Nimesoma mengi tangu siku hiyo, na sijawahi kukuta majina hayo. Upande wa Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika vita vile vya Afrika Mashariki, na waliokufa walioandikwa ni zaidi ya 95,000. Wengi waliuawa na maradhi, njaa na uchovu. Kikosi chao kimetuachia jina la Kariakoo hapa Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Watu hununua vitunguu hapo kila siku bila kujua wanataja nini.

Hadithi na ukweli

Lazima niwaonye vijana juu ya jambo moja. Si kila kinachosimuliwa kilitokea. Kule kusini niliambiwa zaidi ya mara moja juu ya ndege kubwa mno ya Wajerumani, mfano wa meli, iliyoteremsha silaha kwa Lettow-Vorbeck. Ndege ya namna hiyo ilikuwako kweli. Ni puto kubwa lililoitwa L59, nalo liliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917 likiwa na shehena ya tani 15 hivi. Lilikusudiwa lisirudi. Ngozi yake ingeshonwa mahema na nguo, na mifupa yake ingejenga. Lakini lilipofika magharibi ya Khartoum liliitwa lirudi. Lilikaa angani saa 95, likasafiri kilometa 6,757, na Tanganyika halikufika kamwe.

Je, waliosimulia walisema uongo? Sidhani. Habari za ndege ile zilivuma, na vita vilikuwa vimejaa maajabu. Kazi ya mwanahistoria ni kusikiliza kwa heshima, kisha kulinganisha. Mzee wa Rufiji nilimsikiliza, nikalinganisha, habari yake ikasimama. Ya puto haikusimama. Zote mbili niliziandika, na pembeni ya kila moja nikaandika nimeona nini.

Vita vya baadaye

Mabaki ya Vita Kuu ya Pili ni ya namna nyingine, maana ndege zilikwisha kuwa za bati la aluminiamu. Pwani yetu ilikuwa na ndege nyingi zilizosaka nyambizi za Wajerumani na Wajapani. Jeshi la majini la Uingereza lilizipa kambi zake za ndege majina kama ya meli, nalo likachagua maneno yetu. Kambi ya Tanga iliitwa Kilele na ile ya Nairobi iliitwa Korongo. Ndege za Catalina, ambazo ni mashua zenye mabawa, zilikuwa na makao Kipevu, Mombasa, na pia Dar es Salaam. Catalina za vikosi viwili, cha 259 na cha 265, ndizo zilizoizamisha nyambizi U-197 kusini ya Madagaska tarehe 20 Agosti 1943. Lakini aluminiamu inayeyuka kwa urahisi, na mafundi wetu ni hodari. Mtu anayetafuta mabaki ya ndege za wakati ule atazame pia katika majiko, kwenye sufuria za zamani.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vinakumbukwa na wengi wetu wenyewe. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilikusudia kuipiga Mwanza, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane na kuua swala kadhaa. Nataja habari hii kwa sababu maalumu. Kombora lisilolipuka halizeeki kama binadamu. Linaweza kukaa ardhini miaka mingi na siku moja likaua mtoto anayelima. Kijana, ukiona chuma chenye umbo la yai refu au chenye mabawa madogo nyuma, usikiguse, usikipige jiwe, usikipeleke nyumbani. Weka alama kwa mbali, mwite polisi au mwanajeshi. Mwindaji hodari ni yule anayerudi na vidole vyake 10.

Kilo ngapi?

Katika miaka ya 1980 nilirudi kijiji kile cha delta. Mzee alikuwa amefariki. Nilikwenda kutoa rambirambi, na mjukuu wake akanionyesha uani mahali palipokuwa chuma kile. Palikuwa na shimo tu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amepita na mashua na mizani yake, akakusanya kila kizito, akalipa kwa kilo. Mjukuu hakuwa na kosa. Alikuwa na karo ya shule ya kulipa, na chuma kilikuwa mali yao.

Nilifikiri sana juu ya sheria. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu kuwa mabaki ya kale vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863. Ndege ya kwanza yenye injini ilipaa mwaka 1903. Kwa hesabu hiyo hakuna ndege yoyote duniani inayolindwa na mwaka huo, mpaka Waziri atangaze kitu fulani kuwa cha kulindwa. Uwezo huo anao, lakini hawezi kutangaza asichokijua. Ni sisi wenyeji tunaojua nini kiko uani kwa nani.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwenu wanafunzi wa zamani, kabla ya kuuza chuma cha baba, kipigeni picha, kipimeni, na andikeni kilitoka wapi na nani alikileta. Dakika 10 zinatosha. Mnaweza kuuza baadaye mkipenda.

Kwenu wanafunzi wa sasa, hamhitaji nauli ya Mafia. Likizo ijayo nenda kwa babu au bibi yako na daftari. Mwulize ni nani katika ukoo wenu aliyechukuliwa vitani, alibeba nini, alirudi lini, na kama hakurudi, mara ya mwisho alionekana wapi. Andika jina lake lote kama linavyotamkwa nyumbani. Ukirudi shuleni mpe mwalimu wa historia nakala. Majina 3 ninayo mimi, nami nitayaleta katika mkutano wetu, kama ukoo utaridhia, yawe ya kwanza katika daftari hilo la shule.